Mistari Aliyoiruka Kanyiva

Emali
Jumapili, 9 Februari 2025

Ndugu yangu Kisilu,

Najua ni mkeo, Mama Mbinya, atakayekusomea, kwa hivyo namsalimia yeye kwanza. Shemeji, soma polepole. Mwandiko ni mbaya kwa sababu mikono bado haijatulia.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu Pasta anilete hapa. Ni nyumba ya kanisa, nje kidogo ya Emali. Tuko wanaume kumi na tisa, wote walevi. Simu zetu walichukua siku ya kwanza, na hatutarudishiwa mpaka siku tisini ziishe. Barua wanaruhusu. Gari la chakula likienda mji wa Wote, dereva anazipitisha kwa watu wa Kanyangi.

Siku nne za kwanza sitaki kuzikumbuka. Nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Niliona siafu wakipanda shuka, nikapiga kelele, na siafu hawakuwepo. Muuguzi alinipa dawa, akakaa nami. Siku ya saba nilikula uji ukabaki tumboni. Jana nililala nikaamka mwenyewe, bila kichwa kuuma, nikalala tena macho wazi nikishangaa. Nina miaka thelathini na nane na nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuamka hivyo.

Mimi na wewe hatujawahi kuzungumza kuhusu ile Jumamosi ya Novemba. Tulikunywa watatu. Nzomo tulimzika. Wewe ulipoteza macho. Mimi nilitapika siku mbili nikapona. Kanisani walisema Mungu amenihurumia, nami nikazidi kunywa, mpaka Pasta akaniokota kando ya barabara.

Niambie unaendeleaje. Niambie kweli.

Ndugu yako,
Musyimi


Kanyangi
23 Februari 2025

Musyimi,

Barua imefika na imesomwa mara mbili. Mimi nasema, Mama Mbinya anaandika.

Unauliza naendeleaje. Daktari wa macho kule Kitui alisema mishipa imekufa, nisitarajie kitu. Sioni giza kama watu wanavyofikiri. Naona weupe tu, mchana na usiku, kama mtu aliyetumbukizwa ndani ya maziwa. Mama Mbinya amefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni. Naifuata kwa mkono. Wiki ya kwanza nilianguka mara tatu, sasa sianguki.

Ng'ombe wa kulima tumemwazima jirani, maana jembe halisukumwi na kipofu. Mvua ikija yeye atatulimia pia.

Pombe nimeacha. Wewe umefungiwa Emali na walinzi, mimi nimeacha nikiwa kwangu, nimeketi kwenye kigoda. Nani atanipeleka kilabuni? Kwa hivyo usinihofie. Maliza siku zako urudi tujenge jiko la Mama Mbinya, ukuta umeanguka upande wa jua.

Wavinya, mke wa Nzomo, alipita juzi na bakuli la mbaazi. Alinisalimia. Nikajifanya nimesinzia.

Ndugu yako,
Kisilu

Shemeji, hapa ninaandika ya kwangu, yeye hajui. Yote niliyoandika hapo juu ni maneno yake, sikubadilisha. Lakini la pombe si kweli. Anakunywa kila siku. Watu wanamhurumia, wanamletea pombe ya kaluvu kwenye chupa ya maji, wengine chang'aa. Anaficha nyuma ya gunia la ndengu, na kwa vile haoni, anafikiri na sisi hatuoni. Miguu imevimba. Mbinya ameanza kulala kwa dada yangu. Nilitaka ujue unayemwandikia ni nani.

Kanyiva


Emali
10 Machi 2025

Ndugu yangu Kisilu,

Nimefika siku ya arobaini na moja. Wananitumia kazi. Nilikuwa nimewaambia mimi ni fundi wa mawe, wakanipa ukuta wa stoo. Niliogopa kushika uzi wa kupimia. Miaka mitano kuta zangu zimekuwa zikiinama, wewe unajua, watu walikuwa wananicheka. Huu umesimama. Nilirudi kuupima mara nne nikifikiri nimekosea.

Chakula kina ladha. Mahindi ya muthokoi ya hapa hayana hata nyanya lakini naramba sahani. Muuguzi alinipima akasema presha imeshuka na ini linapona, kwamba mwili wangu unaharakisha kupona kuliko ninavyostahili. Alitania, lakini neno hilo lilinikaa.

Kitu kingine umwambie yeyote huko anayetaka kuacha. Mtu aliyezoea sana asikatize peke yake nyumbani. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo kabla hajaletwa huku, akashikwa na kifafa, akavunjika taya. Aende kituo cha afya kwanza, apewe dawa.

Sasa nakuambia jambo ambalo akili ikiwa safi haiwezi kulikwepa. Nilipokuwa nakunywa nilikuwa naliona kwa mbali. Siku hizi naamka nalo.

Ile chupa niliileta mimi. Nilipewa na dereva wa lori hapa hapa Emali, kutoka kwenye pipa. Aliniambia ni spiriti ya kiwandani, ya kusafishia vyuma, lakini kuna watu wanaichanganya na maji na hawadhuriki. Nilipoinusa nilijua si pombe ya kawaida. Nilipofika kwako nilikupa wewe uibebe kutoka getini. Wewe ulikuwa umeshalewa kaluvu, sijui kama unakumbuka.

Nilikumiminia wewe na Nzomo kwanza. Mimi sikunywa. Nilisema moyoni, ngoja nione. Niliketi pale nikiwatazama kama mtu anayetazama panya waliowekewa sumu. Mlicheka, mkaimba, nikaona hakuna kitu. Ndipo nikanywa kifuniko kimoja, tumbo likakataa. Ndiyo sababu niko hai. Si Mungu aliyenichagua. Niliwaonjesha nyinyi.

Sikuombi kitu. Nimesema.

Musyimi


Kanyangi
21 Machi 2025

Shemeji,

Nakuandikia peke yangu. Kisilu yuko nje, anaota jua.

Barua yako nilimsomea juzi mchana. Nilimsomea habari za ukuta, akatabasamu. Nilimsomea habari za muthokoi. Nilipofika kwenye ile chupa, nilikomea hapo. Akaniuliza, "Mbona umenyamaza?" Nikamwambia karatasi imelowa, maneno hayasomeki. "Lakini ameandika nini?" Nikasema, "Anawasalimia watu wa kanisani." Nikataja majina ya uongo, mzee huyu, mama yule. Akasema, "Musyimi amekuwa mtu wa salamu nyingi."

Musyimi, unajua umefanya nini? Umejitua mzigo wako ukaubwaga kwenye mapaja yangu. Wewe ulikaa kwenye kiti ukamtazama mume wangu akinywa kitu ulichokiogopa wewe mwenyewe. Mimi ndiye niliyemkuta Jumapili asubuhi akipapasa ukuta, akiuliza kwa nini hakujapambazuka, na jua lilikuwa limeshafika madirishani. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Wavinya kuomba msaada, nikamkuta Nzomo chini, na Wavinya akimfunika kanga.

Kwenye mazishi ulibeba jeneza. Nilikuletea maji ya kunywa kwa mikono hii.

Sitamsomea. Si kwa ajili yako. Ana ndugu mmoja tu, na ndugu huyo ndiye atakayetulimia mimi nikishindwa. Nikimsomea hatabaki na mtu.

Hilo la kifafa nimelisikia. Lakini hakuna anayeacha hapa.

Kanyiva


Emali
30 Machi 2025

Shemeji Kanyiva,

Umenisema sawasawa.

Nilipofika pale ulipoandika hutamsomea, nilipumua. Nakuambia hili ili ujue mimi ni mtu wa namna gani. Wiki mbili nilikuwa nimengoja jibu lake, na nikafurahi kwamba hajui. Basi usimsomee. Ile karatasi uichome. Nikirudi nitawalimia, nitajenga jiko, nitafanya kazi mpaka nizeeke, na yeye hatakuwa na haja ya kujua.

Mshauri wetu hapa aliniuliza kama nimejibiwa. Nikamwambia ndiyo, ndugu yangu amenisamehe. Akaniombea.

Hii ni siku ya sitini na moja sijaonja kitu, na huo ndio uongo wa kwanza niliousema bila kulewa.

Musyimi


Kanyangi
14 Aprili 2025

Musyimi,

Sikuichoma. Na amejua.

Nakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu yeye ameniambia nikueleze yote.

Jumatano mchana aliniita nimwandikie barua kwako. Alikuwa amekunywa, lakini si sana. Nikachukua daftari. Akaanza kusema, nami nikaandika, "Ndugu yangu, kuna jambo sijamwambia hata Mama Mbinya." Kalamu ikasimama. Akasema, "Andika tu."

Akasema, "Nzomo alikuwa ameacha pombe. Wiki sita alikuwa hajagusa. Alikuwa amerudi kwenye kwaya, na ile kazi yake ya kutengeneza baiskeli ilikuwa imeanza kupata watu. Mimi ndiye niliyempigia simu siku ile. Alikataa mara mbili. Nikamwambia amekuwa mwanamke. Ndipo akaja."

Niliandika hayo. Kisha akasema, "Na chupa niliinunua mimi. Sikumbuki wapi. Lakini nakumbuka mkono wangu umeishika nikitoka nayo getini. Nilimwita, nikamlisha sumu, nikampa na Musyimi. Musyimi alipona kwa bahati, na sasa anateseka Emali kwa ajili yangu. Haya macho ni malipo yangu. Ndiyo maana nakunywa, Kanyiva. Najua unaona chupa zilizo nyuma ya gunia. Nataka nimalizike."

Shemeji, miezi mitano nilikuwa nafikiri anakunywa kwa sababu amezoea. Kumbe alikuwa akijinyonga polepole kwa kosa ambalo nusu yake si lake, na ile nusu nilikuwa nimeikunja ndani ya Biblia yangu.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Baba Mbinya, ile barua haikuwa imelowa."

Nilimsomea. Nilisoma yote, hata pale pa panya. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale aliposema ngoja nione." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Mara ya tatu nilikuwa nalia, siwezi. Akasema, "Basi."

Akakaa kwenye kigoda mpaka jua likamhama. Nilimletea chakula, hakugusa. Kisha akauliza, "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia. Akasema, "Wiki tatu umelala na mimi ukiwa na hilo?" Nikasema ndiyo. Hajanigusa tangu siku ile, wala hajanitukana. Ananiita kwa jina langu, Kanyiva, kama mtu wa dukani.

Kabla hatujalala alinyoosha mkono nyuma ya gunia akatoa zile chupa, mbili, akaniambia nimwage. Nikamwaga pale pale mlangoni ili asikie. Nikakumbuka maneno yako ya kifafa, nikampeleka kituo cha afya kesho yake. Walimlaza siku mbili, wakampa dawa. Alitetemeka sana. Nilikuwa nimemshika miguu, na ile miguu ilivyovimba, vidole vyangu vilikuwa vinazama.

Nilimuuliza kwa nini ameacha leo, siku mbaya kuliko zote. Akasema, "Nataka nimkasirikie Musyimi nikiwa na akili zangu."

Sasa ujumbe wake, neno kwa neno: "Mwambie siku zake zikiisha asije hapa. Aende kwanza kwa Wavinya, amwambie alichoniambia. Asimtume Pasta, asiandike barua. Aende kwa miguu yake. Yangu mimi nitamwambia Wavinya mwenyewe."

Amekwenda jana, mimi nikimshika mkono. Alimwambia kuhusu simu, na lile neno la mwanamke. Wavinya akafunga mlango. Hatujui atasema nini.

Kanyiva


Rumande, Kitui
14 Mei 2025

Ndugu yangu Kisilu,

Sijui kama nina haki ya kukuita hivyo. Nimeandika kwa sababu nataka usikie kutoka kwangu.

Nilitoka Emali tarehe ishirini na tisa Aprili. Nilishuka gari Kanyangi saa nne asubuhi. Watu wawili walinisimamisha pale sokoni kunipongeza, wakasema nimenenepa, ngozi imerudi. Mmoja alinishika bega akasema mimi ni ushuhuda. Nilitamani ardhi inimeze. Moyo uliniambia nipite kwenye kilabu kile cha chini, kikombe kimoja tu, nipate nguvu ya kusema. Nakuambia ukweli, nilisimama pale njia inapogawanyika kwa muda mrefu. Kisha nikafuata ya juu.

Wavinya alikuwa anapepeta mbaazi. Alinipa kiti. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia habari za lori, na harufu, na kwamba nilimimina nikangoja. Aliendelea kupepeta. Nilidhani hanisikii. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

Akaniuliza, "Alikunywa akiwa anakutazama?"

Nikamwambia ndiyo.

"Alisema nini?"

Nikakumbuka. Nzomo alisema, "Musyimi, wewe hunywi?" Nikamwambia namalizia sigara.

Wavinya akasema, "Kwa hivyo alikuuliza." Akarudia, "Alikuuliza." Halafu akainua ungo akaendelea na kazi yake. Niliuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Mimi nimeambiwa na watu wawili sasa. Serikali haijaambiwa na mtu."

Nikaenda. Nilimpitia chifu, tukaenda naye kwa polisi. Niliandikisha maelezo yangu yote, na ya yule dereva pia, lori lake na mahali anapoegesha. Wamesema wamemshika pamoja na pipa. Mimi nimeshtakiwa kwa kumuua Nzomo bila kukusudia na kwa kukudhuru wewe. Kesi itatajwa tarehe kumi na nane Agosti. Wakili wa bure waliyenipa anasema nikane, kwa sababu hakuna aliyeona. Nimemwambia nitakiri.

Hapa ndani pombe inapatikana. Inaingia kwa njia zake. Kuna mtu ananiwekea kila Jumamosi, anasema mtu mwenye kesi kama yangu hawezi kulala bila kitu. Anasema kweli kwamba silali. Lakini ninapoamka najua niko wapi na kwa nini, na nimeona ni heri hivyo.

Sikupita kwako, kama ulivyosema.

Musyimi


Kanyangi
3 Agosti 2025

Musyimi,

Mimi nasema, Mbinya anaandika. Amefunga shule, amerudi kulala nyumbani. Mama yake yuko shambani. Tumeanza kuzungumza tena mimi na yeye, kidogo kidogo, kuhusu mbuzi na mvua.

Nilikaa na barua yako miezi miwili na zaidi. Nilikuwa naanza kujibu, naacha. Kila nilipoanza nilitoa matusi, na sikutaka mtoto ayaandike.

Tangu ile Jumatano ya Aprili sijanywa. Miguu imepungua, navaa viatu. Nakula nikashiba. Mkono hautetemeki, nimejifunza kusokota kamba za mkonge, na watu wanasema ni ngumu kuliko za dukani. Nasikia vizuri kuliko zamani. Nilidhani ni kwa sababu ya upofu, lakini muuguzi anasema ni kwa sababu kichwa hakina kelele. Asubuhi namsikia Mbinya akifungua kitabu chumba cha pili.

Hayo ndiyo mazuri. Mabaya ni kwamba hasira haiishi. Zamani nikikasirika nilikuwa nakunywa, inalala, kesho naanza upya. Sasa naamka nayo kama nilivyolala nayo. Nimeifikiria ile ngoja nione mpaka nimejua umbali wa kiti chako kutoka kwangu. Nilikuwa nakuona, Musyimi. Wewe ndiye mtu wa mwisho niliyemwona vizuri. Ulikuwa umeketi karibu na mlango na jua lilikuwa linakupiga upande mmoja wa uso. Nikifikiria uso wa mtu yeyote sasa, wa Mama Mbinya, wa huyu mtoto, unakuja wako kwanza. Hilo siwezi kukusamehe leo. Sijui kesho.

Nzomo nilimwita mimi mwenyewe, na nilimtukana ili aje. Kwa hiyo hasira yangu haiendi kwako tu. Nagawa.

Polisi walikuja kuchukua maelezo. Nimewaambia kila kitu, sikukupunguzia na sikukuongezea. Wataniita kama shahidi upande wa serikali. Waliniuliza kama naogopa kusimama mbele yako. Nikawaambia siogopi, mimi sitamwona.

Tarehe kumi na nane tutakuja watatu, mimi, Mama Mbinya na Wavinya. Wavinya ndiye aliyesema twende gari moja. Sijui atasema nini mbele ya hakimu, na sikumuuliza.

Sina neno lingine, ila ombi moja. Naambiwa ndani ya ile korti watu ni wengi na sauti zinachanganyika. Wakilitaja jina lako, usiitike kwa kunong'ona kama ulivyokuwa ukifanya shuleni. Jibu kwa sauti, nijue umesimama upande gani.

Kisilu